Uzi Uliofunga Mshipa wa Ini Langu

Assalaam alaykum, ndugu zangu! Asifiwe Mwenyezi Mungu aliyeniinua kitandani nikiwa nusu maiti, akaniacha nitembee mpaka nikafika mbele yenu hapa Tanga. Imamu ameniomba niseme baada ya sala, nami nimekubali, ingawa habari yangu si nzuri. Mwenye haraka na aende zake, sitamlaumu. Mtakaobaki mnivumilie, maana Kiswahili changu nilikiokota kwa makuli wa Mombasa, na maziwa niliyonyonya ni ya Ngazija.

Nilizaliwa Vouvouni, kijiji cha kusini mwa Moroni, mji mkuu wa visiwa vyetu. Shule niliiacha mapema. Sikufukuzwa na umaskini. Nilichoshwa na kukaa. Tangu utoto nikiona saa nataka kuifungua, nikiona samaki nataka kujua tumbo lake limepangwaje. Mama alikuwa akisema, "Wewe utakufa ukiuliza." Nikazunguka. Majunga nilikaa, Mombasa nilikaa, Mayotte nilikaa nikarudishwa. Sikuoa, sikujenga, sala nilisali nilipokumbuka. Mwisho nikaangukia bandari ya Mutsamudu, kisiwa cha Anjouan, nikawa kuli wa kupakua meli.

Ndugu zangu, hiyo ilikuwa miaka ya mamluki. Wazungu wachache walitua na bunduki, wakamwondoa mtawala mmoja na kumweka mwingine, kisha hawakuondoka. Walinzi wa rais walikuwa askari weusi kama sisi, lakini neno la mwisho lilikuwa la Mzungu. Mtu alikuwa akichukuliwa mchana kweupe, na jirani yake anafunga dirisha asije akaulizwa ameona nini. Tulijifunza kunyamaza kama mtoto anavyojifunza kutembea. Mlikumbuke hilo, maana dhambi yangu kubwa ilianzia hapo.

Siku moja tulipakua shehena iliyokuwa iende hospitali ya Moroni. Kasha moja likaanguka kutoka kwenye kamba, pembe ikapasuka kidogo. Msimamizi alikuwa mbali. Wenzangu walitaka kuligeuza tu, upande uliopasuka ukae chini. Mimi nikasema, "Ngojeni, tuone kuna nini." Nikatia nondo, nikafungua. Ni mimi niliyefungua, ndugu zangu! Wengine walitia mikono baada yangu. Mmoja akachukua mikasi, mwingine shashi za kufungia vidonda akamfanyie mwanawe nepi. Lile kasha tuliligongomea misumari likiwa tupu, tukalipakia kwenye meli ya Moroni.

Mimi nilichukua kisanduku cha karatasi ngumu. Ndani mlikuwa na paketi kumi na mbili, na katika kila paketi uzi wa buluu mwembamba kuliko unywele, na kila uzi una sindano iliyopinda kama mwezi mchanga. Sindano yenyewe haikuwa na tundu! Uzi ulitoka kwenye kitako cha chuma kana kwamba vimezaliwa pamoja. Nilikaa juu ya magunia ya mchele nikaigeuza ile sindano hata nikasahau kula. Uzi umeingiaje pasipo tundu? Nani aliyebuni kitu kama hiki? Sikujiuliza hata mara moja ni wa kumshonea nani.

Rafiki yangu mmoja akanijia akilini. Aliitwa Fundi Mlaili, mshona kofia wa mtaa wa Magoudjou, katikati ya Moroni. Kwetu Ngazija mwanamume hahesabiwi kuwa mtu mzima mpaka afanye ndoa kubwa, ile tunayoiita ada, na kofia ya bwana harusi hushonwa kwa mkono miezi mingi, vitobo vidogo vidogo vyenye maua. Wanaume ndio washonaji. Utawaona barazani, kwenye foleni, hata msibani, kofia ipo gotini na sindano inakwenda. Mlaili alikuwa na kofia ya bwana harusi mmoja mkubwa. Nikawaza, nikimpelekea uzi huu hakuna kofia Ngazija nzima itakayofanana na hiyo. Nikapanda meli.

Mlaili alipoona zile paketi aliishika moja kwa vidole viwili kama anashika yai.

"Umeiba wapi, mzururaji?"

"Fundi, je, ni nzuri au si nzuri?"

"Nimeuliza umeiba wapi."

"Bandarini. Kila mtu alichukua."

Akatikisa kichwa. Lakini yeye naye alikuwa fundi, na fundi akiona kifaa kizuri moyo humlegea. Akafungua paketi ya kwanza, akajaribu. Uzi ulikuwa na kiburi! Ukipiga fundo moja linateleza, la pili linateleza, mpaka ukipiga sita ndipo unakaa. "Huu si wa kofia," akasema. "Huu uliumbwa kwa kitu kinyevu." Alifungua paketi mbili, saba akawagawia mafundi wenzake wajaribu, na tatu zilizobaki akazitia kwenye kopo lake la biskuti pamoja na nyuzi zake nyingine.

Kabla sijarudi Mutsamudu maumivu yakanishika. Chini ya mbavu za kulia, kama mtu ananipinda kwa koleo. Yanakuja, yanaondoka. Nikahamia kwa dada yangu Moinaecha, palepale Magoudjou. Walinipa kombe, maji ya aya zilizoandikwa kwa zafarani, nikanywa, na sitalitukana kombe, lilinituliza moyo. Lakini wiki zilipita, macho yakawa ya njano, mkojo ukawa rangi ya chai ya rangi, nikajikuna usiku na mchana mpaka ngozi ikatoka damu. Niliogopa hospitali. Moinaecha akachoka kuniona. Siku moja alisimama mlangoni akasema, "Kaka, sanda ninayo moja tu, na niliinunua kwa ajili ya mama. Usinilazimishe kuitoa." Akaita teksi.

Daktari alikuwa mtu wa Mutsamudu aliyesomea ng'ambo, mwembamba, asiyependa maneno. Alinibonyeza tumbo akasema kuna mawe kwenye mfuko wa nyongo, na jiwe moja limeshuka likaziba njia. "Umechelewa," akasema. "Ningekupata mapema ingekuwa kazi ya asubuhi moja. Sasa humo ndani kila kitu kimegandamana."

Yaliyofuata sikuyaona. Nililala kwa dawa. Lakini mnajua tabia yangu. Nilipoamka nilimwuliza kila aliyekuwamo, mmoja mmoja, mpaka nikayajua kama niliyashuhudia mwenyewe.

Nilipofumbua macho, kitu cha kwanza kilichoniuma kilikuwa mguu. Ndugu zangu, niliingia kwa tumbo! Nikatazama, naona bandeji kwenye kifundo cha mguu wa kushoto. Nikamwambia nesi aliyekuwa akinihudumia, mama mmoja aitwaye Echati, "Mama, mmenikosea. Mmempasua mtu mwingine."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Huo mguu ndio ulikuokoa. Mwulize daktari, mimi nisitie mdomo."

Daktari alipopita nilimshika koti. Aliniangalia kama anayepima kama nastahili kujibiwa, kisha akageuza karatasi ya homa iliyoning'inia kitandani, akanichorea kwa kalamu.

"Hili ini. Huu mfuko wa nyongo. Na huu mshipa mkubwa nyuma yake unachukua damu yote ya matumbo na kuipeleka kwenye ini. Ni mpana kama kidole changu, lakini ukuta wake ni kama ngozi ya kitunguu. Nilipokuwa nautenga mfuko uliogandamana, ukachanika. Mimi niliuchana. Sikukusudia, lakini mkono ni wangu."

Sikuwahi kumsikia mtu mkubwa katika nchi yetu akisema hivyo. Mkono ni wangu!

Akaendelea. Damu ilijaa mara moja, hakuona kitu. Wanaoanza kazi, alisema, hubabaika wakabana gizani kwa koleo, wakaongeza tundu juu ya tundu. Yeye aliingiza kidole, akalitafuta lile tundu kwa kulihisi, akaliziba. Damu ikatulia. "Nikasimama hivyo. Kidole kimeziba, wewe uko hai. Nikikitoa, umekufa. Nikamwambia Echati: nipe uzi mwembamba."

Uzi mwembamba haukuwapo. Kasha lilifika tupu, ndugu zangu. Palikuwa na hariri nene tu, ya kushonea ngozi. Akajaribu mshono mmoja wa hariri, ukauchana ukuta kama waya unavyokata sabuni, tundu likapanuka. Akarudisha kidole.

Echati akatoka uani kutafuta watu wa kutoa damu. Ndugu walikuwa wamekaa chini ya ukuta, dada yangu miongoni mwao, na Mlaili pia, kofia gotini, anashona. Echati alitoka na aproni imeloa, hakuchagua maneno. "Nataka watu wawili wa damu! Na kama kuna mwenye kujua duka, zahanati, hata kwa Wazungu kambini, panapopatikana uzi wa buluu wa kushonea mishipa, wenye sindano isiyo na tundu, na akimbie. Daktari ameziba kwa kidole!"

Mlaili aliposikia hayo kopo lilikuwa mapajani pake.

Na langoni, hatua ishirini kutoka pale, walisimama walinzi wawili wa rais, maana mwenzao alilazwa wodini. Kila mtu alijua kwamba kasha la serikali liliibwa na kwamba mwizi anatafutwa. Dada yangu aliniambia Mlaili aliwatazama wale walinzi, akalitazama kopo. Akaichomeka sindano yake kwenye kofia taratibu, akasimama, akafungua kopo.

"Mama Echati. Ni huu?"

Echati alizinyakua paketi zote tatu. Zilikuwa hazijafunguliwa, na zimepigwa muhuri wa hospitali. "Umezitoa wapi, wewe?"

"Chukua kwanza. Utaniuliza baadaye."

Lakini walioko langoni hawakungoja baadaye.

Ndani, daktari alimwambia msaidizi aweke kidole chake mahali pa kidole chake yeye. Akabana mshipa juu ya tundu na chini ya tundu, taratibu, kwa koleo laini, akijua kuwa ini haliwezi kukaa muda mrefu bila damu ile. Kwa sababu hariri ilikuwa imelichana, tundu halikuweza tena kuvutwa tu likafungwa. "Ningelivuta, mshipa ungebanwa kiuno kama nyigu," alisema, "damu ingeganda humo, ukafa kesho badala ya leo. Ulihitaji kiraka." Ndipo akanikata mguuni, akatoa kipande cha mshipa mdogo ambao mtu anaweza kuishi bila huo, akakipasua kwa urefu, akakitandaza, akakishona juu ya tundu. Pindo kwa pindo, mishono midogo kama ya kofia. Kabla ya fundo la mwisho alilegeza koleo kidogo, damu ikatoka, ikatoa mabonge na hewa. Kisha akafunga. Fundo sita, ndugu zangu! Akaachia. Wote wakatazama. Ini lililokuwa limegeuka rangi kama majivu likaanza kurudi kuwa jekundu kutoka katikati kwenda pembeni.

"Nani aliyeleta uzi?" nikauliza. Nikaanza kuogopa jibu kabla sijamaliza swali.

Daktari akaikunja karatasi. "Hilo si langu."

Jioni Moinaecha aliniambia. Mlaili amechukuliwa na walinzi siku ileile, yuko kambini. Ameulizwa uzi ameupata wapi, amesema ameuokota barabarani. Ameulizwa tena kwa njia yao wanayoijua, amesema ameuokota barabarani.

"Hajakutaja," dada akanong'ona. "Nawe usijitaje. Tumbo lako liko wazi, kaka. Ukienda kule watakumaliza. Mlaili ana nguvu, atatoka."

Nikanyamaza. Nilikuwa na sababu nzuri! Mrija ulikuwa ubavuni mwangu unatoa nyongo. Nilikuwa siwezi kukohoa bila kushika tumbo. Siku ya kwanza nikasema, nikipona kidogo. Siku ya pili nikasema, labda wamemwachia. Siku ya tatu nikajisomea Kurani, nikamwomba Mungu amtoe Mlaili, nikahisi nimefanya kitu. Ndugu zangu, niliitumia sala kama shuka la kujifunika uso! Siku ya nne, ya tano, ya sita nikala, nikalala, nikawauliza manesi habari za ini na kongosho, jinsi mishipa inavyopita. Ndiyo, udadisi ulinirudia kabla ya aibu.

Siku ya tisa Echati alikuja kunibadilishia shashi. Nikamwuliza, kwa kupiga soga tu, kama daktari amewahi kushona mshipa ule kabla yangu.

Alifanya kazi yake bila kuinua kichwa. "Mwezi mmoja kabla yako. Mama wa watoto wanne, kutoka kusini, karibu na kwenu. Mshipa wake ulichanika palepale. Daktari aliuziba kwa kidole mpaka mkono ukamfa ganzi, nasi tukatafuta uzi mji mzima. Hakukuwa na Mlaili uani siku hiyo."

"Angepona kama uzi ungekuwapo?"

"Nilimwuliza daktari swali hilohilo. Akasema hajui, pengine angempoteza hata hivyo. Lakini alisema alinyimwa hata nafasi ya kujaribu." Akafunga bandeji. "Mwenye kuiba lile kasha, sijui analala vipi."

Nilikuwa nalala vizuri sana. Hilo ndilo lililonivunja! Nikalia mpaka mshono ukataka kuachia. Nikasema, Ya Rabbi, umenipa mshipa mpya na ulimi ni uleule wa zamani. Nikamwambia Echati palepale: ni mimi. Akachukua beseni lake, akatoka. Mpaka leo sijui alimwambia nani.

Sikungoja ruhusa. Nilifunga mrija kiunoni kwa kitambaa, nikavaa kanzu, nikapanda teksi mpaka lango la kambi. Nilimwambia mlinzi kwamba uzi niliuiba mimi, bandarini Mutsamudu, na kwamba fundi wa kofia hakujua kitu. Akaniingiza. Mzungu mmoja alikuwa amekaa kivulini, buti juu ya kiti, anamenya chungwa. Askari mwenzetu akamfasiria. Yule Mzungu akacheka, akasema jambo.

"Anauliza, umekuja kwa miguu yako mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Anasema wewe ni mjinga."

"Mwambie ni kweli."

Waliniuliza waliokuwa nami. Nikasema nilikuwa peke yangu. Huo ulikuwa uongo, na nitaujibu mbele ya Mola, lakini sikuweza kuongeza mtu mwingine kwenye lile shimo. Hawakunipiga sana. Mrija uliwatia kinyaa. Walinipeleka Mutsamudu kwa meli, wakanisimamisha bandarini mbele ya makuli wote ili nitazamwe, na wale niliofungua nao kasha wakatazama chini. Kisha jela ya Mutsamudu, msimu wa mvua na wa jua. Kidonda kilitoa usaha, kikafunga, kikatoa tena. Nilimwona mtu akifa kwa kuhara pembeni yangu. Lakini ndugu zangu, humo ndimo nilimoanza kusali sala tano, na humo ndimo nilimolala usingizi ambao sikuwa nimeuiba.

Nilipotoka nilikwenda moja kwa moja Magoudjou. Mlaili walimwachia siku ile niliyojitaja. Nilimkuta mlangoni anauza mafuta ya taa kwa chupa. Nikatazama mkono wake wa kulia. Vidole viwili havikunjiki. Walivivunja kambini, siku ya saba.

Ya saba, ndugu zangu. Siku hiyo mimi nilikula wali na samaki.

Nikapiga magoti kwenye vumbi. "Fundi, nisamehe."

"Inuka, watu wanatazama."

"Nisamehe kwanza."

Akamhudumia mteja, akarudi. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Akasema, "Uzi nilikusamehe palepale uani, kabla sijafungua kopo. Lakini ulikuwa na ulimi siku tisa. Hizo tisa sikuziweza. Nimemwachia Mungu."

Kila Idi nilipokuwa Moroni nilikwenda kumsalimu. Alinipa mkono, ule wa kulia, nami niliushika. Hakuongeza neno, nami sikuomba tena.

Kwa hiyo namshukuru Mwenyezi Mungu, kwa sauti, mbele yenu. Namshukuru kwa daktari aliyesema mkono ni wangu. Namshukuru kwa mtu aliyesimama wakati kukaa kulikuwa salama. Kila pumzi ninayovuta ilipitia kwao. Na wewe uliyekaa nyuma kule, unayejua jambo ambalo mwenzako analipia, mtegemee Mola, atakubeba hata ukiwa na mrija ubavuni. Mimi alinibeba! Nenda leo. Mlango wa toba hufunguliwa wakati wowote, lakini siku ya saba ya mwenzako haikungoji.

Wassalaam alaykum, ndugu zangu. Niombeeni, na mumwombee Mlaili zaidi.